Kushusha Motokari: Mgongo wa Nani Unalipa?

Ndugu wafanyakazi, mama wa nyumba, na ninyi vijana mliopata mshahara wa kwanza,

Katika makambi yetu motokari ndogo zimekuwa nyingi. Nyingi zilitoka Japani, zikavuka bahari mpaka Dar es Salaam, zikapanda kwa njia ya Zambia na kuingia kwetu kwa mpaka wa Kasumbalesa. Ni motokari nzuri, hazinywi mafuta mengi, na fundi wa kila mtaa anazijua. Mfanyakazi aliyechoka kungojea basi ana haki ya kujinunulia yake, na hakuna mtu wa kumwonea wivu.

Lakini kuna mtindo ambao mimi siupendi. Kijana ananunua motokari leo, kesho anaipeleka kwa fundi ishushwe. Anataka iiname karibu na lami, na janti kubwa zenye kung'aa zijaze nafasi yote chini ya bodi. Nakubali kwamba macho yanapenda. Hata mimi, siku ya Mungu, nikiona motokari iliyooshwa vizuri na janti nyeusi, ninageuza kichwa. Walakini ukurasa huu si wa macho, ni wa afya, na hapa lazima tutazame chini ya motokari.

Resori ni ile chuma iliyosokotwa, inayobeba uzito wote. Gurudumu likiingia katika shimo, resori inajikunja, amortiseri inatuliza mchezo, na wewe uliyekaa juu unapata kidogo tu ya lile pigo. Ukiweka resori fupi, umepunguza nafasi ya kujikunja. Ndiyo sababu watengenezaji wa resori fupi wanazifanya kuwa ngumu zaidi: wanajua nafasi haipo. Resori za namna hiyo zinatoka sana Ujerumani, kwa mafundi kama Eibach na H&R, na mara nyingi zinashusha motokari milimetri 30 au 40. Huko kwao barabara ni sawasawa kama meza. Tena, baada ya kuzifunga, motokari inapelekwa kwa wakaguzi, TÜV kwa mfano, ipimwe na kuandikwa katika karatasi zake. Je, sisi tunapeleka wapi?

Na hizo ni resori za kweli! Kwetu, kijana asiye na feza ya kununua anakwenda chini ya mwembe. Fundi anachukua diski ya kukatia chuma, anaondoa duara moja au moja na nusu, basi, kazi imekwisha. Mwingine anaipasha moto kwa shalimo mpaka ilegee na kujilaza yenyewe. Wewe unayefanya kazi katika atelye ya mgodi unajua chuma ya resori imepikwa kwa kipimo. Ukiipasha moto ovyo, nguvu yake imekufa. Ile iliyokatwa haikai tena sawasawa katika kikombe chake. Siku gurudumu litakaponing'inia juu ya shimo, inaweza kuruka mahali pake, na wewe uko katika mwendo kati ya Likasi na Kolwezi, lori la shaba linakuja mbele yako.

Tuje kwa magurudumu. Tuchukue mpira wenye maandishi 165/70R14, ambao Vitz nyingi zinavaa. Maandishi hayo yanasema: upana milimetri 165, na ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, maana yake milimetri 115 hivi za hewa kati ya janti na barabara. Kijana anaweka 195/45R16. Ubavu umebaki milimetri 88. Amejitolea mwenyewe karibu sentimita 3 za mto wa hewa, juu ya zile 3 alizopoteza kwa resori! Ndipo janti inapinda au kupasuka katika shimo la kwanza la masika, wakati maji yamelificha.

Wengine wananijibu: mpira mpana unabeba zaidi. Sivyo. Baada ya saizi kuna nambari ya mzigo. Nambari 81 ni kilo 462 kwa kila mpira, nambari 80 ni kilo 450. Mpira mpana wa 195/45R16 ukiwa na nambari 80 unabeba kidogo kuliko ule mwembamba wenye 81. Upana si nguvu. Soma ubavuni kabla ya kutoa feza. Soma pia tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT: 2314 maana yake juma la 23 la mwaka 2014. Mpira wa namna hiyo, hata kama haujatembea, umezeeka, usiubebee watoto.

Sasa nisemeni kazi yangu. Mgongo wa mtu haupendi mtikisiko wa mara 4 mpaka 8 kwa sekunde. Hapo mifupa ya uti na vile vidonge vilivyo kati yake vinatikisika zaidi ya kiti chenyewe. Waendesha malori makubwa ya mgodi wanaumwa kiuno kuliko wafanyakazi wengine wengi, na jambo hilo linajulikana katika migodi ya dunia nzima. Mtu huyo amemaliza saa zake juu ya lori. Badala ya kupumzisha mgongo, anapanda motokari ngumu kama kigari cha matofali na kujipiga tena mpaka nyumbani. Kesho yake anakuja dispansari kuomba dawa ya kiuno. Dawa nitampa, lakini resori sina.

Jambo linalonisumbua zaidi ni lingine. Usiku, katika kambi, mama akishikwa na uchungu wa kuzaa, au mtoto akianguka juu ya mwembe, watu hawangojei ambulansi kila mara. Wanagonga kwa jirani mwenye motokari. Basi motokari yako, utake usitake, ni ambulansi ya avenyu yako. Mfupa wa paja ukivunjika, damu inaweza kumwagika ndani ya nyama zaidi ya litre 1 bila hata tone kuonekana nje. Kila pigo la barabara linasogeza ncha za mfupa, linachoma nyama, linaongeza damu hiyo. Nimepokea wagonjwa waliofika wakiwa wamechoka kwa njia kuliko kwa ajali yenyewe. Mama mwenye mimba kubwa naye, jamani, umwulize mwenyewe kama anapenda motokari iliyoshushwa.

Najua wako ambao hawatanisikia. Kwa hao, angalau msife katika kazi yenyewe. Resori iliyokazwa ndani ya mguu wa gurudumu la mbele inabeba nguvu ya mamia ya kilo. Usifungue kamwe ile buloni ya juu katikati kabla resori haijabanwa kwa chombo chake, pande mbili, na kulegea katika kikombe. Ikiruka inavunja uso. Usiingie chini ya motokari iliyosimama juu ya kriki peke yake, wala juu ya matofali. Weka shandeli za chuma. Kazini usingethubutu, mkuu wa usalama angekufukuza. Mbona nyumbani unathubutu, mbele ya watoto wako?

Janti mpya ikiwa na tundu la katikati pana kuliko la Toyota, tia pete ya kulijaza, ama sivyo usukani utatetemeka. Kaza buloni kwa ufunguo wa kupima nguvu: kwa Vitz ni newton-mita 103. Kaza tena baada ya kilometri 100. Peleka magurudumu ya mbele yanyoshwe, na taa zirekebishwe, maana zitakuwa zinamulika chini.

Ukiniuliza mimi, feza hiyo ingenunua amortiseri 4 mpya na mipira 4 ya saizi yake, na ingebaki ya unga. Rangi na janti nzuri za saizi ileile zinatosha kumpendeza shemeji.

Kama yako imekwisha kushushwa, usiku wakigonga mlango na mgonjwa aliyevunjika, usione haya: mfunge mguu kwa mbao mbili, kisha uende kumwamsha jirani ambaye motokari yake bado ni ndefu.