Acha kalkuleta kwanza, zipe pointi majina

Leo tuache mambo ya programu kidogo. Nataka kuteta kuhusu jinsi watu wanavyofundishwa kutafuta ukinzani wa jumla wa saketi iliyochanganya rezista za mfululizo na za sambamba.

Fomula zenyewe hazina neno. Za mfululizo unajumlisha. Za sambamba unajumlisha moja gawanya kwa kila rezista, halafu unapindua jibu. Taabu ni kwamba mwanafunzi anaachwa aamue kwa macho: zikichorwa kwa foleni ni mfululizo, zikichorwa moja juu ya nyingine ni sambamba. Ukiupindisha mchoro kidogo tu, kwisha habari yake.

Hebu chukua kalamu. Chora rezista tatu kwenye mstari mmoja: omu 6, omu 3, omu 2. Pointi ziite A, B, C, D kutoka kushoto. Betri iko kati ya A na D. Sasa ongeza waya mtupu kutoka A hadi C, na mwingine kutoka B hadi D. Ukinzani wa jumla ni ngapi?

Wengi watasema 11. Jibu ni 1.

Ukinzani wa waya tunauhesabu kuwa sifuri, kwa hiyo A na C ni pointi moja yenye majina mawili. (Ndugu zangu waandishi wa programu, mnaijua hiyo: majina mawili, mahali pamoja kwenye memori.) B na D vilevile. Basi kila rezista ina mguu mmoja kwa A na mwingine kwa B, na zote tatu ni sambamba: 1/6 + 1/3 + 1/2 = 1.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: pointi kwanza, fomula baadaye. Rezista mbili ni sambamba zikishiriki pointi zote mbili. Ni mfululizo zikishiriki pointi moja ambayo haina kitu kingine kilichoungwa hapo. Hayo maneno ya mwisho ndiyo watu huyaruka, na yanawagharimu.

Mtu ana betri ya volti 12, anataka volti 4 za kifaa kidogo. Anaweka omu 10,000 na omu 5,000 mfululizo, anapima kwenye ile ya 5,000: volti 4 kamili! Anaunga kifaa chake chenye ukinzani wa omu 1,000, kinagoma. Analaumu betri, analaumu mwenye duka. Kumbe pale katikati pana mgeni wa tatu. Ile 5,000 sasa iko sambamba na 1,000, yaani omu 833 hivi, na hiyo 833 ndiyo iliyo mfululizo na 10,000. Jumla ni 10,833, na kifaa kinapata volti 0.92 tu.

Kuna pia saketi kama daraja la Wheatstone: rezista tano, na hakuna hata mbili zilizo mfululizo wala sambamba. Aliyekariri fomula anakwama hapo. Aliyezoea pointi anaandika mlinganyo kwa kila pointi, mkondo unaoingia uwe sawa na unaotoka, kanuni aliyoitoa Kirchhoff mwaka 1845. SPICE, programu ya kupima saketi iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973, ilifanya hivyo hivyo. Haikujisumbua kuuliza ipi ni mfululizo na ipi ni sambamba. Uliipa namba za pointi tu.