Familia iliyohama: shida inaanza mwezi wa tatu

Tangu mwanzo wa mwaka 2025 kuna jambo limekuwa la kawaida katika makanisa yetu ya Lubumbashi na Kalemie. Kabla ya mahubiri, mtumishi anauliza nani amefika leo mara ya kwanza. Baba kijana anasimama, mke wake kando yake na mtoto mgongoni. Anasema wametoka Bukavu, au Goma. Watu wanapiga makofi, kwaya inaimba, na baada ya ibada kila mtu anawapa mkono. Ni jambo jema sana. Lakini leo tuulize swali lingine: familia ile iko wapi baada ya miezi mitatu?

Tukumbuke kwanza ilivyoanza. Mwisho wa Januari 2025, wapiganaji wa M23 waliingia Goma. Katikati ya Februari waliingia Bukavu. Viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vilifungwa, na benki zikafunga milango. Mwalimu au muuguzi aliyezoea kupokea mshahara wake kwa benki alijikuta ana kazi lakini hana pesa mkononi. Watu wengi walibaki. Wengine walivuka Rusizi kuingia Burundi. Na wengine, hasa vijana wenye watoto wadogo, walifanya hesabu ya kuvuka nchi yetu wenyewe, wafike mahali penye ndugu au tumaini la kazi.

Safari hiyo si ndogo. Kutoka Bukavu unashuka mpaka Uvira, unapanda boti juu ya Ziwa Tanganyika mpaka Kalemie, halafu unatafuta lori la kwenda kusini. Wakati wa mvua lori linaweza kulala siku nyingi ndani ya matope. Kabla ya kuondoka, watu waliuza kitanda, viti na cherehani kwa bei ya haraka, maana mnunuzi alijua wana mbio. Pesa iliyobaki baada ya njia ndiyo ilitakiwa kuanzisha maisha mapya.

Hapo ndipo wanakutana na garanti. Sheria ya 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba inasema kwamba garanti ya nyumba ya kuishi isipite kodi ya miezi mitatu. Lakini kila mtu anayetafuta nyumba mjini anajua kwamba wenye nyumba wengi wanaomba zaidi, kwa dola, na mgeni asiyejulikana ndiye anaombwa kuliko wote. Familia inakwenda basi kukaa kwa shangazi au kwa kaka mkubwa. Wiki ya kwanza ni furaha. Mwezi wa pili, watu kumi wanalala vyumba viwili, na unga unaisha mapema. Mwezi wa tatu, baba anaamua kwenda Kolwezi kutafuta kazi kwenye machimbo, na mama anabaki na watoto katika nyumba ambayo si yake. Vita haikuwatenganisha. Wametenganishwa na kukosa mahali pa kukaa.

Kuna pia mambo madogo ambayo si madogo. Mama wa Bukavu amezoea bugali wa muhogo na sambaza. Hapa Lubumbashi anakuta bukari ya mahindi. Anasema Kiswahili, lakini akifungua mdomo sokoni wanajua kwamba si wa hapa. Mtoto anafika shuleni katikati ya mwaka bila buletini, kwa sababu shule yake ya zamani ilifungwa siku ambayo hakuna aliyewaza makaratasi. Na kadi ya uchaguzi, ambayo ndiyo kitambulisho cha wengi wetu, inaonyesha mahali pa asili. Kwa macho ya mtu mwenye wasiwasi, jina la territoire ya mashariki linatosha kumfanya mgeni awe mtu wa kushukiwa.

Katanga inajua mwisho wa njia hiyo. Mwaka 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapa hapa, walifukuzwa katika nyumba zao, na familia nyingi zililala kwenye stesheni ya Likasi zikingoja treni. Vilevile tusiseme kwamba kila mwenyeji mwenye wasiwasi ana chuki. Maisha ni ghali kwake pia, na kazi ni chache kwa mtoto wake. Lakini Katiba yetu, katika kifungu cha 30, inampa kila mtu haki ya kwenda na kukaa popote nchini. Haki hiyo inajaribiwa kila siku mbele ya mlango wa mwenye nyumba.

Mwaka huo huo wa 2025, viongozi wa ECC pamoja na maaskofu wa CENCO walianza kutembea wakitafuta mapatano ya kijamii kwa ajili ya amani na kuishi vema pamoja. Tarehe 12 Februari walikuwa Goma. Tunawaombea. Lakini kuishi pamoja hakutaletwa na viongozi peke yao. Kanisa la mahali linaweza kufanya mambo matatu bila kungoja mkutano wowote.

La kwanza, shemasi mmoja aende pamoja na familia kwa mwenye nyumba, aseme: hawa tunawajua, andikeni mkataba kwa miezi mitatu ya sheria. Na wakristo wenye nyumba za kupangisha waanze wao wenyewe.

La pili, tusimzuie ndugu kushiriki kwa sababu hana barua ya kanisa alikotoka. Pengine mchungaji wake naye alikimbia. Simu moja inatosha, hata kama yeye ni wa CBCA au CELPA na sisi ni wa komunoti nyingine.

La tatu, shule zetu za Kiprotestanti zimpokee mtoto asiye na buletini, zimpime, zimweke darasa linalomfaa.

Wageni nao wana wajibu wao: kujiandikisha kwa shefu wa kartie, kuheshimu desturi za mahali, na kutokuleta ugomvi wa mashariki katika mtaa mpya.

Jumapili ijayo, kabla ya kuwasimamisha wageni wapya, tuchukue daftari. Wale waliosimama miezi mitatu iliyopita, wanalala wapi leo? Kama hakuna mtu anayejua, basi tukitoka ibadani twende tukawatafute.