Masikio Si Mifuko

Ndugu yetu mwenye safu ameandika kwamba redio ya wanawake ikishindwa kujiendesha kwa matangazo ya biashara, basi haina wasikilizaji, na ifungwe. Hoja tamu, ila hesabu yake imepigiwa mjini.

Twende Mang'elete, kusini mashariki mwa Kenya. Redio ya huko ilianza kurusha matangazo mwaka 2004, ikiwa imezaliwa na vikundi 33 vya wanawake, nayo huzungumza Kikamba. Msikilizaji wake anapalilia mbaazi, redio ya betri imetundikwa mtini. Anasikiliza kutwa. Lakini mwenye bidhaa hanunui masikio, ananunua mifuko, na mfuko wa mpalilia mbaazi haumshughulishi.

Nani basi mwenye pesa za kumwaga? Kampuni za kamari. Hebu fikiria: saa nne mama anapiga simu studioni kueleza jinsi karo ya mtoto ilivyoliwa na mkeka wa mpira, saa nne na nusu anachezewa tangazo la mkeka uleule. Huko ndiko kujitegemea?

Ndugu yetu anaongeza: eti na wanaume wametengwa! Mama FM ya Kampala, iliyoanzishwa 2001 na chama cha wanahabari wanawake wa Uganda, haijaweka askari kwenye masafa. Anayetaka afungulie.

Turudi kwenye pesa. Mtambo hula umeme uleule, uwe unatangaza bia au chanjo. Serikali inapotaka tangazo la chanjo lisomwe kwa Kikamba, ije na hundi. Hilo, ndugu yangu, ungeliandikia safu nzima.