Kiswahili kizuri, habari ya uongo

Waliosikiliza kipindi cha wiki hii walinisikia nikisema nina deni na kijana mmoja wa darasa langu la Jumamosi. Wengi mmeniuliza deni gani. Kwenye kipindi dakika hazikutosha, kwa hiyo nalilipa hapa.

Kwa wageni: Jumatatu hadi Ijumaa mimi ni mhasibu. Jumamosi, pamoja na wenzangu wawili, nafundisha Kiswahili kwa watoto wa miaka 13 hadi 16 kwenye ukumbi wa kukodi huku mashariki ya London. Wako 16. Wapo ambao wazazi wao ni wa Mombasa kama wangu, wapo wa Unguja, Dar es Salaam na Bukavu, na yupo mmoja ambaye bibi yake ni wa Barawa na nyumbani wanasema Chimwiini. Ukiwauliza wanakwenda wapi Jumatatu asubuhi, mmoja atakwambia shule, mwingine skuli, mwingine masomo. Wote wanakwenda mahali pamoja, na wote wanachelewa.

Muhula huu tuliacha kidogo vitabu vya sarufi tukasema watengeneze taarifa za habari. Kwenye nyumba zetu habari ndiyo ilikuwa shule ya kwanza ya Kiswahili. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, ile ya Ujerumani ikafuata 1963, na baba yangu anasema kwao redio ikianza habari hata jiko lilinyamaza. Mimi nilizaliwa hapa, nikakulia kwenye Newsround, kile kipindi cha habari za watoto cha BBC kilichoanza 1972. Nikafikiri, kwa nini wanafunzi wetu wasiwe na Newsround yao, kwa Kiswahili?

Mpango ulikuwa hivi. Makundi manne, watu wanne kila kundi. Mmoja mtayarishaji, mmoja mwandishi anayetafuta habari na kuwahoji watu, mmoja wa kamera na sauti, mmoja mtangazaji. Kuhariri wanafanya wote, kwenye simu. Taarifa isizidi dakika moja na nusu. Mada iwe ya mtaani kwao, kitu ambacho mtu anaweza kwenda kukiona kwa macho yake. Wazazi walisaini fomu za ruhusa kwanza, na tukakubaliana kwamba hakuna kupiga picha ya mtu yeyote bila kumwomba.

Mambo ya ufundi yaliwashinda kidogo tu. Wanaijua simu kuliko mimi. Tulichohitaji kuwafundisha ni vitu vidogo: sauti ni muhimu kuliko picha, kwa hiyo sogea karibu na anayesema, na usirekodi huku upepo unavuma. Andika sentensi fupi, kisha isome kwa sauti, maana maneno yetu ni marefu. Tulipima kwa saa, na kwa watoto wetu dakika moja inakula maneno 100 hadi 120 tu. Skripti ya ukurasa mzima inamchosha mtangazaji kabla hajafika katikati.

Na saa! Jamani, saa. Kundi moja liliandika kwamba mechi itaanza "saa tatu mchana". Walimaanisha 15:00, yaani saa tisa. Walitafsiri tu kutoka Kiingereza. Ukisema saa nne asubuhi wakati unamaanisha saa kumi alfajiri, umemkosesha mtu basi kwa saa sita nzima. Siku hizi sheria yetu ni moja: pembeni ya kila saa ya Kiswahili andika tarakimu za saa 24, kisha mwenzako ahakiki kabla hujarekodi.

Sasa tuje kwenye deni.

Makundi mawili yalichagua habari ile ile: basi linalopita mbele ya ukumbi wetu. Kulikuwa na tangazo kituoni kwamba ratiba inabadilika, na mtaa mzima ulikuwa unalisema.

Kundi la kwanza lilikuwa na mtangazaji binti wa Unguja. Majina nayaweka pembeni, ni watoto. Lakini ungemsikia! Ameketi wima, macho kwenye kamera, Kiswahili kinatiririka kama maji ya bomba. "Basi linalotegemewa na mamia ya wakazi linaondolewa kabisa kuanzia mwezi ujao." Nilisisimka. Nikafikiri, huyu nitamsikia redioni siku moja.

Kundi la pili mwandishi wao alikuwa kijana wa Bukavu, miaka 14, mpole, wa maneno machache. Alisimama kituoni kweli, asubuhi, kwenye giza. Picha ilikuwa inatikisika. Akasema "niko nangojea basi na mama", akasema "batu" badala ya watu, akasema safari mbili za kwanza za Jumapili hazitakuwepo tena. Basi, akamaliza. Sekunde 50 tu.

Halafu ikaja sehemu ambayo nilidhani ni rahisi, wenzao watoe maoni. Nilikuwa nimegawa karatasi yenye maswali mawili: nini kizuri, nini kibaya. Walipomaliza kuandika, nikakusanya na kuanza kusoma kwa sauti, mbele ya wote, bila kuzipitia kwanza. Ndiyo, najua.

Kwa kundi la kwanza: "nzuri sana", "nzuri", "Kiswahili safi", "nzuri". Kwa kundi la pili: "sema vizuri", "batu ni nini?", "hiki si Kiswahili". Kuna waliocheka. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kusoma, sikujua nisimame wapi, nikasema kwa sauti ya kimwalimu, "Sawa, tutarekebisha matamshi." Yule kijana alikunja karatasi yake mara nne, ikawa ndogo kama stempu, akaitia mfukoni.

Jumamosi iliyofuata hakuja.

Jumapili jioni mama yake akanipigia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akasema, "Mwalimu, mtoto ananiambia yeye hajui Kiswahili. Sasa mimi najiuliza, humu ndani tunasemaga nini miaka yote hii?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi, nikamwambia nitakuja kumwomba na mwanawe.

Usiku ule nilikumbuka Mombasa. Nilikuwa na miaka 12, likizo, nyumbani kwa shangazi. Nilisema "kitabu yangu" na mabinamu wakalirudia neno langu wiki nzima, kila chakula cha jioni. Hawakuwa na ubaya. Lakini nilirudi London nikaamua kuwa Kiswahili ni chao, na mpaka nafika chuo kikuu nilikuwa najibu kila kitu kwa Kiingereza. Miaka yote hiyo kwa sababu ya neno moja. Na sasa mimi, niliyeanzisha darasa ili mtoto mwingine asipitie hayo, nimemfanyia mtoto mwingine yale yale, tena nikisoma kwenye karatasi.

Nikazirudia zile video mbili. Safari hii sikusikiliza lugha, nilisikiliza habari. Kesho yake, kabla ya kwenda kazini, nikapita kituoni nikasoma tangazo neno kwa neno.

Basi haliondolewi. Linabaki. Kinachoondolewa ni safari mbili za kwanza za Jumapili, basi. Yaani kijana alikuwa sahihi, na kundi lenye Kiswahili safi lilikuwa limetangaza uongo. Walipita kituoni mbio, wakasoma kichwa cha tangazo, mengine wakajaza wenyewe. Wenzao waliotazama hawakuuliza, na walimu watatu pia. Mimi mhasibu, ninayelipwa kuuliza "hii namba imetoka wapi?", niliisikia "mamia ya wakazi" nikatikisa kichwa kwa furaha.

Kuna zaidi. Kwa wengi wetu safari mbili za alfajiri ya Jumapili si kitu, tumelala. Mama yake anasafisha ofisi, na zamu yake ya Jumapili inaanza saa kumi na mbili kamili, 06:00. Zile safari mbili ndizo zake. Ndiyo maana mwanawe alisimama pale kwenye giza. Alituletea habari yenyewe, na mtu inayemgusa, sisi tukamsahihisha herufi.

Niliwaambia darasa zima hivyo hivyo, kwamba kosa la kwanza lilikuwa langu. Nikawaeleza pia kitu ambacho nilipaswa kukisema mwanzoni: Kiswahili sanifu ni maamuzi ya watu. Mwaka 1928 wakubwa wa serikali za kikoloni walikutana Mombasa wakachagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa lugha ya shuleni, na 1930 ikaundwa kamati ya kuisimamia. Wangechagua Kimvita cha akina bibi yangu, leo binti wa Unguja ndiye angekuwa anaambiwa "sema vizuri". Sanifu inatufaa sana, inafanya mtu wa Barawa na wa Bukavu wasomane. Tutaendelea kuifundisha. Lakini haina mamlaka ya kumwambia mtu kwamba mama yake hasemi Kiswahili.

Binti hakusema kitu siku ile. Niliogopa nimemvunja na yeye. Baada ya darasa akanifuata akiwa ameshika simu: "Anti, naweza kumpigia? Nataka kumuuliza lile tangazo linasemaje hasa." Hakusema anataka kuomba msamaha. Alitaka kujua habari. Nikampigia mama kwanza, akaruhusu.

Kijana alirudi. Nilimwomba radhi mbele ya wale wale waliocheka, kwa sababu aibu ilikuwa ya mbele ya watu. Alisema "sawa, Anti", akaangalia chini, na kwa kijana wa miaka 14 hiyo ni hotuba ndefu.

Na ile karatasi tukaichana. Mpya ina maswali matatu, na nyinyi mnaofundisha au mnaotaka kuanza kikundi chenu, ichukueni:

Kwanza, nimejua nini sasa ambacho sikukijua? Swali hili linaua lile jibu la "nzuri sana", maana lazima utaje kitu.

Pili, wamejuaje? Nani alisema, wapi pameandikwa, nani alikwenda kuona? Kama mtoa maoni hapati jibu kwenye taarifa, aandike "sijui", na kundi lirudi likatafute.

Tatu, ni wapi nilipotea? Hapa ndipo lugha inaingia, na hapa tu. Kama hukuelewa neno, uliza maana yake. Kama ulielewa, hujapotea, endelea mbele.

Kisha kuna mambo ya utaratibu. Maoni yanatolewa kwa rasimu, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha, sio video ikishakamilika. Mtu akishakamilisha, maoni yanageuka hukumu. Kundi linatoa maoni kwa kundi moja tu, ana kwa ana, wakiwa wameketi pamoja, na kila anayesema anaanza na swali la kwanza. Kundi linalosikiliza haliruhusiwi kujitetea mpaka wenzao wamalize. Wakimaliza, wanachagua kitu kimoja cha kubadilisha, wanapewa dakika 15, wanarekodi tena. Mwalimu hasomi karatasi ya mtu kwa sauti. Hilo la mwisho ni sheria yangu mwenyewe, nimeiandika kwenye daftari langu.

Wiki mbili baadaye makundi yale mawili yaliomba kuungana. Sikuwalazimisha. Binti ndiye anayefungua taarifa, kwa Kiunguja chake kile kile cha kutiririka, lakini sasa anasema "safari mbili za kwanza za Jumapili", na anataja kwamba ni kwa mujibu wa tangazo lililopo kituoni. Kijana yuko kituoni. Na mama yake anasema, sauti tu bila sura kama alivyotaka, namna atakavyofika kazini: atatembea dakika 40 mpaka kituo kingine. Anasema kwa Kiswahili cha Bukavu, na hatukuweka tafsiri chini. Mtayarishaji aliuliza kama tuweke. Kijana akasema, "Kwani nani hataelewa?"

Nilimwonyesha shangazi wa Mombasa, yule yule wa likizo, kwa simu. Alisikiliza mpaka mwisho. Neno moja lilimpita, akauliza maana yake. Kisha akasema, "Masikini, dakika 40 kwenye baridi hiyo. Hana jirani mwenye gari?"

Hakusema lolote juu ya Kiswahili. Alisikia habari.

Deni langu sijui kama limeisha. Kijana sasa ndiye mhakiki wa darasa. Hakuna taarifa inayorekodiwa kabla hajauliza, kwa ile sauti yake ndogo, "Umejuaje?" Juzi aliniuliza mimi, nilipotangaza saa ya mkutano wa wazazi. Nikaangalia tena ujumbe. Nilikuwa nimekosea kwa saa moja.

Wewe je? Neno lipi walilicheka ukaliacha? Tutumie ujumbe wa sauti, nusu dakika inatosha, tutaziweka kwenye kipindi kijacho. Sema kama mnavyosema kwenu.