Kuziba Ufa Si Kuficha Ufa

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi, mwanafunzi wa zamani na sasa seremala hapa Munuki, Juba, naomba nafasi kidogo niseme juu ya nyufa za mbao na gundi ile kali iitwayo supagluu.

Mafundi wengine huichukia gundi hii. Mimi siichukii. Iligunduliwa Marekani mwaka 1942, ikaanza kuuzwa mwaka 1958. Haingoji jua, hushika ikutanapo na unyevu, hata ule mdogo ulio hewani na katika mbao. Ufa mwembamba juu ya meza hutiwa vumbi laini la mbao ileile, kisha matone machache ya gundi. Ikishashika, husuguliwa kwa msasa hata ufa usionekane. Kazi hiyo ni halali.

Lakini yatupasa kuuliza ufa umetoka wapi. Mbao mbichi ikipoteza maji husinyaa na kupasuka, na kiangazi cha Juba, Desemba hata Machi, hakina huruma. Mvua zirudipo, mbao huvimba tena. Supagluu ni ngumu lakini hainyumbuki; ikigongwa kwa nguvu huvunjika. Basi kuitia katika ufa wa mguu wa kiti na kupaka vanishi juu yake ni kumdanganya mnunuzi. Nimepata kuletewa kiti cha namna hiyo, kazi ya fundi mmoja. Mguu ulikuwa umekatika penye gundi, na mama aliyekikalia aliumia mkono.

Wako watakaosema kwamba wateja hawataki kulipa bei ya mbao kavu. Je, mama yule amepata nafuu gani, naye atanunua kiti mara ya pili?

Kwa hiyo nawashauri ninyi mnaojifunza useremala: anikeni mbao kivulini, zikauke polepole. Ufa wa juujuu uzibeni, na mnunuzi mwambieni. Ufa wa mguu au wa kiungo, badilisheni mbao. Tena msifute gundi hii kwa kitambaa cha pamba, maana hushika moto mkali na kuunguza ngozi. Na macho yenu yalindeni.

Gundi hununuliwa dukani kwa fedha kidogo. Jina jema la fundi haliuzwi dukani.