Fungua Kisanduku Kwanza
Mimi ni mnunuzi wa vitu vya kale, na kwa bastola ya Colt ya 1851 msimamo wangu ni mmoja: kagua kisanduku chake kabla ya bastola yenyewe. Ilitengenezwa Hartford, Marekani, na kwa miaka michache London pia. Muuzaji akidai chupa ya baruti, kalibu ya risasi na kopo la fataki ni vyake vya asili, tazama kitambaa cha ndani. Kifaa kilicholala pale miaka mingi huacha alama ya umbo lake. Kisha linganisha namba za fremu, mtutu na silinda. Seti ya kuokoteza siikatai, ila muuzaji aseme wazi na apunguze bei. Na chuma asikisugue kwa msasa, nasihi!