Kasongo–Kabambare: Saspensheni ya umeme itolewe, lakini isitolewe nusu

Kuna ubishi usioisha kwenye garaji za Kasongo. Gari la bei kubwa lililonunuliwa likiwa limetumika, lenye saspensheni inayoongozwa na kompyuta, linapoharibika, je, litengenezwe kama lilivyotoka kiwandani, au vitu vyote vya umeme vitolewe na kuwekwa amotisere za kawaida na resoro za chuma? Mimi nasema vitolewe. Kwa gari linalofanya kazi kati ya Kasongo na Kabambare hilo ndilo jibu, na mwenye gari hana sababu ya kuona haya. Ila kazi hiyo ina namna yake, na mara nyingi hufanywa nusu. Gari lililobadilishwa nusu ni hatari kuliko lile lililoharibika, kwa sababu lile bovu angalau halitoki uani.

Tuanze na kinachofanyika chini ya gari. Amotisere ya kawaida, ambayo ndugu zetu wa Tanzania na Kenya huiita shokapu, ni bomba la chuma lenye mafuta na pistoni ndani yake. Gurudumu likiruka, pistoni husukuma mafuta yapite kwenye vitundu vidogo, na ugumu huo wa kupita ndio unaoizuia resoro isiendelee kuchezacheza. Resoro hubeba uzito, amotisere hutuliza mtikisiko. Watu wengi huchanganya kazi hizi mbili, na makosa mengi ya garaji huanzia hapo.

Kwenye saspensheni ya umeme, vitundu hivyo hupanuliwa au kubanwa na vali ndogo, au mota ndogo, inayopokea amri kutoka kwa kompyuta ya gari. Vihisi vilivyofungwa karibu na magurudumu huieleza kompyuta gari liko juu kiasi gani na linacheza vipi. Toyota ilianza kuuza mfumo wa namna hiyo mwaka 1983 kwenye gari lake la Soarer, gari la lami kabisa. Baadaye fikra hiyo ikahamia kwenye magari ya safari ngumu. Baadhi ya Land Cruiser za mfululizo wa 100, zilizoanza kutoka 1998, zina mafuta yenye presha yanayopandisha na kushusha gari zima kwa kubonyeza kitufe. Prado ya mfululizo wa 120, iliyoanza kutoka 2002, ina matoleo ya bei ya juu yenye mifuko ya hewa nyuma mahali pa resoro. Kuna Range Rover na Mercedes zinazokalia mifuko ya hewa kwenye magurudumu yote manne.

Sidharau mfumo huo. Ukiwa mzima, gari lenye abiria saba na mizigo hubaki sawa, haliinamii nyuma, na dereva hashuki akiwa anashika kiuno. Lakini waliouunda walidhani kwamba nyuma ya kila gari kuna garaji yenye mashine ya kusoma kompyuta, duka la vipuri, na barabara ya kulifikisha gari huko. Kusini mwa Maniema vitu hivyo vitatu haviko pamoja.

Kutoka Kasongo hadi Kabambare ni zaidi ya kilomita 100 za udongo. Mvua ikianza, magari makubwa huchimba mifereji ambayo gari dogo huingia na kulalia tumbo. Kiangazi, udongo uleule hukauka ukawa matuta madogo yaliyofuatana kama mbao za kufulia, na hayo ndiyo adui mkubwa wa amotisere yoyote, ya umeme au ya kawaida: pistoni hupanda na kushuka bila kupumzika, mafuta huchemka, hutoa povu, na povu haliwezi kutuliza kitu. Yenye gesi ya naitrojeni ndani huvumilia zaidi, lakini nayo ina mwisho wake.

Tofauti ni kwamba amotisere ya kawaida ikifa, gari linaendelea kwenda. Litarukaruka, abiria watalalamika, dereva atapunguza mwendo, mtafika. Saspensheni ya umeme haifi hivyo. Kijiti kidogo kinachoshikilia kihisi cha urefu, chembamba kama kidole cha mtoto, hugongwa na jiwe na kuvunjika, na kompyuta inaamini gari liko juu wakati liko chini. Mfuko wa hewa hutobolewa na jiwe au hupasuka kwenye mkunjo kwa uzee. Kompresa inayoujaza hufanya kazi mfululizo kufidia hewa inayovuja, mpaka inaungua yenyewe. Na gari hukaa chini. Halikai chini mbele ya garaji. Linakaa chini kwenye matope, kabla ya daraja, saa kumi na moja jioni, mahali ambapo hakuna anayependa kulala. Wakaaji wa pande za Salamabila, ambako makundi yenye silaha yamewatesa watu kwa miaka, hawahitaji kuelezwa maana ya gari kusimama njiani.

Halafu kuna kipuri. Kindu hupokea mizigo kwa reli kutoka Lubumbashi kupitia Kamina, Kabalo na Kongolo, na treni hiyo haina haraka na mtu. Hupokea pia kwa ndege, kwa bei ya ndege. Upande wa mashariki, Bukavu iliingia mikononi mwa M23 Februari 2025, na mfanyabiashara aliyekuwa akiagiza kutoka huko anajua safari ya mzigo imekuwa ya namna gani tangu hapo. Mfuko wa hewa wa Prado ni lazima uagizwe, usubiriwe, ulipiwe dola, na ukifika uwe ndio wenyewe. Resoro ya chuma ya Prado hiyohiyo inapatikana popote penye Prado, kwa sababu matoleo ya bei ya chini yalitoka nayo kiwandani.

Hapo ndipo penye nguvu ya hoja yangu. Kwa magari mengi ya Toyota, kuondoa umeme si kubuni gari jipya. Ni kulirudisha gari kwenye umbo ambalo kiwanda chenyewe kiliuza kwa wateja wengine. Fundi mwenye busara hutafuta namba za vipuri za toleo lisilo na umeme la gari lilelile, kisha anaweka seti nzima: resoro, vikalio vyake, amotisere na raba zake. Seti nzima, narudia.

Kwa maana yanayofanywa mara nyingi ni haya. Land Cruiser ile ya mafuta yenye presha inaletwa ikiwa imelala. Fundi anatoa amotisere za mfumo huo, anaweka za kawaida, anaacha resoro za nyuma na vile vyuma virefu vya mbele vinavyojisokota kama vilivyokuwa. Gari linabaki chini, naye anashangaa. Hakuna cha kushangaza. Katika mfumo ule mafuta yenye presha husaidia kubeba uzito, ndiyo maana resoro zake ziliundwa laini kuliko za gari la kawaida. Ukiondoa presha, umeondoa nusu ya mgongo. Dawa ni kuweka resoro na vyuma vya msokoto vya gari la kawaida. Badala yake watu hukata vipande vya tairi na kuvipachika katikati ya resoro, au hata gogo. Gari linainuka, mteja anafurahi, analipa. Wiki mbili baadaye kikalio cha resoro kimepasuka na fremu imeanza kuonyesha ufa.

Wengine hukosea upande wa pili: wanalinyanyua gari mno. Mipira ya breki inavutika, na viungo vya mhimili wa mbele vinazunguka kwa pembe visivyoundiwa. Mpira wa breki hautoi taarifa siku unapokatika.

Kuna pia suala la taa ya onyo. Ukitoa vali za umeme, kompyuta huzitafuta, haizioni, na huwasha taa. Njia sahihi ipo: mfumo uzimwe wote kwa utaratibu, nyaya zifungwe zisiingie maji, na pale inapohitajika ziwekwe kipinga umeme ili kompyuta iamini vali ipo. Njia ya mkato ni kutoa balbu au kubandika utepe mweusi juu ya taa. Wapo wanaokata nyaya kadhaa kwa mpigo mpaka dashibodi inyamaze, na pamoja na taa ya saspensheni wanainyamazisha taa ya breki. Dereva anayenunua gari hilo baadaye ataendesha akidhani kila kitu ni kizima.

Jambo moja nilieleze polepole, kwani linaweza kuua fundi mwenyewe. Mfumo wa Land Cruiser hiyo una vyungu vya chuma vyenye naitrojeni iliyoshindiliwa, na amotisere nyingi za kisasa nazo zina gesi hiyo. Visikatwe kwa msumeno wa umeme, visichomelewe, visitupwe motoni pamoja na takataka za garaji. Tabia ya kutoboa amotisere iliyovuja, kuijaza mafuta ya injini na kuichomelea tena iachwe kabisa. Hata isipolipuka, mafuta ya injini hayakutengenezwa kwa kazi hiyo, na utairudia baada ya safari mbili.

Na zibadilishwe mbilimbili, kushoto na kulia za mhimili mmoja. Najua fedha ni ngumu. Lakini gari lenye mguu mmoja mpya na mmoja mzee huvuta upande mmoja dereva anapokanyaga breki, na kwenye mteremko wenye matope upande huo unaweza kuwa mtoni.

Wanaonipinga wana hoja zao, na moja ina uzito. Wanasema gari hupoteza thamani. Huko Lubumbashi au Kinshasa ni kweli. Mnunuzi wa huko anataka kila kitufe kifanye kazi, na mwenye gari linaloishi kwenye lami asiguse kitu, atafute kipuri halali. Huku thamani ya gari ni kufika. Wanasema pia starehe hupungua, na hilo sikatai: resoro ya kubeba mzigo hutikisa gari likiwa tupu, gari lililojazwa huinamia nyuma, taa za mbele zikawamulika ndege. Nachagua hayo. Hoja ya tatu, kwamba fundi wa kijijini anaharibu kazi ya wahandisi wa Japani, naiona ni ya majivuno tu. Wahandisi haohao waliunda Land Cruiser ya mfululizo wa 70, yenye majani ya chuma nyuma hadi leo, na ndiyo ambayo mashirika ya misaada huagiza yanapojua gari litakwenda wapi.

Hapo niwageukie wanaonunua magari kwa fedha ambayo si yao. Kanda za afya za Kabambare, Lusangi na Saramabila zina wagonjwa wanaohitaji kufikishwa hospitali kubwa, na mama mwenye uchungu uliokwama hana siku tatu za kusubiri mfuko wa hewa. Yeyote anayetoa gari kwa kanda ya afya, awe mbunge, shirika au tajiri wa dhahabu mwenye moyo mzuri, aulize kwanza limekalia nini. Gari la kifahari lililotolewa zawadi kwa picha na hotuba, kisha likalala nyuma ya hospitali kwa kukosa kihisi, halikumsaidia mtu. Resoro za chuma ziwe sharti la ununuzi, liandikwe kwenye karatasi ya zabuni.

Wauzaji nao waseme ukweli. Gari likibadilishwa, iandikwe nini kilitolewa, nini kiliwekwa, na namba za vipuri vya toleo gani. Karatasi moja inatosha, ikae kwenye gari pamoja na karatasi ya umiliki. Wenye kukagua magari waache kuangalia taa na stika tu, wachungulie chini. Na INPP, taasisi ya taifa ya kuwafunza watu kazi tangu 1964, ingefanya jambo kubwa kuleta mafunzo ya wiki mbili Kasongo kuhusu mifumo hii. Mafundi wetu si wajinga. Wengi wamejifunza kwa macho na mikono, na mashine ya kusoma kompyuta hawajawahi kuwekewa mbele yao.

Najua mtu atasema: barabara ikitengenezwa, mjadala huu wote unakwisha. Ni kweli. FONER, mfuko wa kutunza barabara ulioundwa 2008, hupata fedha yake kwa sehemu kutoka kwenye mafuta tunayonunua, kwa hiyo kila dereva wa Kabambare anachangia barabara kila anapojaza tangi. Anachangia mara ya pili garajini. Ana haki ya kuuliza malipo ya kwanza yamekwenda wapi, na wabunge wa Maniema wana kazi ya kuuliza pamoja naye. Lakini gari linaondoka kesho asubuhi, si siku greda itakapofika.

Kwa hiyo, kabla ya kulilipa garaji, lala chini ya gari lako na uangalie mambo manne. Resoro ziwe za toleo lisilo na umeme, bila kipande cha tairi ndani. Amotisere mbili za mhimili mmoja ziwe za aina moja. Mipira ya breki isivutike magurudumu yakining'inia. Kisha washa gari na uone kama taa za onyo zinawaka kwanza, halafu zinazima zenyewe. Taa isiyowaka kabisa, muulize fundi balbu yake iko wapi.